Miche Milioni ya Mti Mmoja

Hifadhi ya mimea ya dawa na ya manukato katika Afrika Mashariki imezoeleka kupimwa kwa idadi: miche mingapi imepandwa, hekta ngapi zimetengwa, spishi ngapi zimeingizwa katika orodha ya zilizo hatarini kutoweka. Vipimo hivyo vina faida yake, na serikali zinazovitoa hazistahili lawama kwa kuvitoa, lakini vinaacha nje jambo ambalo ndilo kiini cha thamani ya mimea hiyo, nalo ni tofauti zilizopo kati ya mmea mmoja na mwingine ndani ya spishi ileile. Tofauti hizo hubebwa na vinasaba, yaani maelekezo ya urithi ambayo kila kiumbe huyapokea kutoka kwa wazazi wake na ambayo, kwa mmea, huamua kimo cha shina, uwezo wa kustahimili ukame na magonjwa, na vilevile aina na wingi wa kemikali zilizomo ndani ya jani, gome au mzizi. Jumla ya tofauti hizo ndiyo inayoitwa rasilimali za kijenetiki. Spishi inaweza kuendelea kuwepo, ikaonekana kila kona ya nchi, ilhali rasilimali zake za kijenetiki zimekwisha kupotea kwa sehemu kubwa. Na kwa mmea unaotafutwa kwa ajili ya dawa, hasara hiyo inakaribia kuwa sawa na kupotea kwa mmea wenyewe.

Mkulima wa mahindi huziona tofauti za mbegu zake kwa macho, kwani kuna punje nyeupe na za manjano, kuna mbegu inayokomaa mapema na inayochelewa. Mmea wa dawa hauna wepesi huo, kwa kuwa tofauti iliyo muhimu zaidi imejificha ndani ya mafuta na utomvu wake. Mfano wa karibu ni mrihani wa porini, ambao kitaalamu huitwa Ocimum gratissimum, kichaka kinachoota kandokando ya njia na mashamba, na ambacho majani yake hutumiwa kwa mafua, kwa maumivu ya tumbo na kwa kufukuza mbu. Mafuta yanayotolewa kwa mvuke kwenye mimea ya sehemu moja yanaweza kujaa eugenoli, kemikali ileile inayoipa karafuu harufu yake na uwezo wake wa kutuliza jino linalouma, na yale ya sehemu nyingine yakajaa thimoli, ambayo utendaji wake ni mwingine, hali mimea yote hiyo ni ya spishi moja na kuitenganisha kwa kuitazama ni vigumu sana. Makundi ya namna hiyo, yanayofanana kwa umbo na kutofautiana kwa kemia, huitwa kemotaipu. Mganga mzoefu anayeng'ang'ania kuchuma dawa kwenye mlima fulani, akaupita mti wa jina lilelile ulio jirani na nyumba yake, huenda anachagua kemotaipu bila kulihitaji neno hilo, na ni kosa kubwa la wasomi kuuchukulia uchaguzi wake kuwa ushirikina mtupu. Nchini China, timu ya Tu Youyou, mwanasayansi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, ilipokuwa ikitafuta dawa ya malaria katika mmea wa Artemisia annua, ilikuta kwamba mimea ya eneo la Beijing ilikuwa na artemisinini kidogo mno, na kwamba ile ya jimbo la Sichuan ndiyo iliyotoa kiasi cha kutosha.

Historia ya mkwinini inalieleza jambo hili kwa ukamilifu zaidi, na kwa kuwa ilifika hadi Usambara na Kivu, inastahili kusimuliwa kwa kirefu. Mkwinini ni mti wa misitu ya Milima ya Andes, Amerika ya Kusini, na gome lake ndilo lililotoa kwinini, dawa ambayo kwa muda mrefu ilikuwa tegemeo kuu la dunia dhidi ya malaria. Katikati ya karne ya 19, Waholanzi walijitahidi kuuhamishia mti huo katika koloni lao la Java, wakapanda mamia ya maelfu ya miche, wakaipalilia na kuitunza kwa miaka, kisha wakagundua kwamba sehemu kubwa ya miche hiyo ilikuwa ya aina ambayo gome lake lina kwinini kidogo sana. Mashamba yalikuwepo, miti ilikuwa imestawi na hesabu yake ilikuwa ya kuridhisha, lakini dawa haikuwemo.

Kilichogeuza mambo ni mfuko wa mbegu. Mwaka 1865 mbegu zilizotumwa na Charles Ledger, mfanyabiashara Mwingereza aliyeishi Amerika ya Kusini, zilifika Ulaya. Zilikuwa zimekusanywa nchini Bolivia na Manuel Incra Mamani, mwenyeji wa huko aliyeijua misitu ya Andes mti kwa mti, na ambaye alingoja miaka kadhaa, baridi kali ikiharibu maua msimu baada ya msimu, hadi miti aliyoitaka ilipozaa mbegu zilizomridhisha. Serikali ya Uingereza haikuzitaka mbegu hizo. Waholanzi wakanunua takriban ratili moja. Baadhi ya miti iliyoota kutokana na ratili hiyo ilionekana kuwa na kwinini inayofikia asilimia 13 ya gome, na kizazi chake kiliifanya Java kuwa chanzo cha sehemu kubwa kabisa ya kwinini ya dunia hadi majeshi ya Japani yalipoiteka mwaka 1942. Mti ukapewa jina la Ledger. Mamani, ambaye macho na subira yake ndivyo vilivyoupata, alikamatwa nchini mwake alipojaribu kukusanya mbegu kwa mara nyingine, akafungwa na kupigwa, na akafa kutokana na mateso hayo.

Huku Afrika Mashariki, taasisi ya utafiti ambayo Wajerumani waliianzisha mwaka 1902 huko Amani, katika Milima ya Usambara Mashariki, ilipanda mikwinini yake, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ikatengeneza kwinini kwa ajili ya majeshi yaliyokatiwa njia ya baharini. Na mashamba ya Kivu, mashariki mwa Kongo, yakaja kuvilisha viwanda vya Bukavu. Tiba ya watu wasiohesabika, katika mabara kadhaa, ilitegemea uteuzi uliofanywa na mtu mmoja katika msitu mmoja. Lau msitu huo ungekuwa umefyekwa miaka michache kabla, mkwinini ungeendelea kuwepo katika vitabu na katika mashamba ya Java, na kwinini ingebaki kuwa dawa ya wachache wenye fedha.

Mti wa Afrika Mashariki unaokaribia zaidi hali hiyo leo ni Prunus africana, ambao Wakikuyu huuita muiri na Wachaga mkondekonde. Ni mti mkubwa wa misitu ya milimani, wenye gome jeusi lenye mipasuko ya miraba na majani yanayotoa harufu ya lozi chungu yanapopondwa, na hupatikana Kilimanjaro na Meru, Mlima Kenya na Aberdare, Elgon na Rwenzori, na zaidi ya hapo Ethiopia, Kamerun na Madagaska. Waganga wa Afrika walilitumia gome lake kwa homa, kwa tumbo na kwa shida za mkojo za wazee. Mwaka 1966 Jacques Debat alipata hataza nchini Ufaransa, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, kwa dawa ya uvimbe wa tezi dume usio wa saratani iliyotokana na gome hilo, na tangu hapo maelfu ya tani za magome zimeondoka Afrika kwenda Ulaya. Mwaka 1995 mti huo uliwekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ulisimamisha uagizaji wa magome kutoka Kamerun, iliyokuwa muuzaji mkubwa kuliko wote.

Uvunaji unaofaa unajulikana vizuri. Mvunaji hubandua vipande viwili vya gome vinavyotazamana, kila kimoja kikichukua robo ya mzingo wa shina, akaacha robo mbili nyingine zikiwa nzima ili chakula kinachotengenezwa na majani kiendelee kushuka mizizini, kisha akaungoja mti miaka mingi kabla ya kuurudia upande wa pili. Mvunaji mwenye haraka hubandua shina zima kuanzia chini hadi matawini, na mti aliouacha wazi pande zote hukauka ukiwa umesimama. Mwingine huukata kabisa, kwa sababu kubandua gome la mti uliolala ni kazi nyepesi zaidi. Kwa kawaida miti inayoanza kuandamwa ni ile mikubwa yenye gome nene, ambayo pia ndiyo inayozaa mbegu nyingi. Kwa hiyo uharibifu huo hauishii kwenye miti iliyokufa, bali unaathiri pia kizazi kitakachofuata, kwa kuwa msitu unaachwa uendelezwe na miti michache iliyobaki.

Uchunguzi wa vinasaba vya muiri umeonyesha kwamba miti ya Madagaska iko mbali kabisa na ya bara, na kwamba ile ya magharibi mwa Uganda ina udugu na ile ya Kamerun, jambo linaloashiria kuwa zamani misitu ya milimani ya pande hizo mbili iliwahi kuunganishwa na ukanda ambao sasa umetoweka. Watafiti waliolinganisha magome kutoka sehemu mbalimbali za Afrika walikuta kwamba kemikali zake nazo hutofautiana kati ya jamii moja ya miti na nyingine, na kwamba tofauti hizo zinaendana kwa kiasi fulani na vinasaba. Milima ambako muiri unaota imetengwa na nyanda za joto ambako mti huo hauwezi kuishi, na kila mlima umeulea muiri wake kwa maelfu ya miaka. Kumaliza muiri wa mlima mmoja, kwa kujipa moyo kwamba upo mwingine mlima wa jirani, ni kufuta urithi usio na nakala.

Msandali unazidisha ugumu kwa namna yake. Mti huu mdogo wa nyanda kame, Osyris lanceolata, huvunwa kwa ajili ya mafuta yenye harufu nzuri yanayotumika katika manukato, na kwa kuwa mafuta hayo yamo katika kiini cha shina na katika mizizi, wavunaji huung'oa mzima, wasiache hata kisiki cha kuchipua. Msandali una miti ya kiume na miti ya kike iliyo mbalimbali, hivyo upande ambao jinsia moja imeondolewa hauwezi kuzaa mbegu, hata kama miti kadhaa bado inaonekana imesimama. Isitoshe, mizizi yake hujiunga na mizizi ya mimea mingine na kunyonya sehemu ya maji na virutubisho kutoka huko, kiasi kwamba mche uliooteshwa peke yake kwenye kifuko cha kitaluni mara nyingi hudumaa. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 msandali wa Afrika Mashariki ukaingizwa chini ya udhibiti wa CITES, lakini magari yaliyosheheni magogo yake yameendelea kukamatwa, kwani marufuku ya nchi moja haina nguvu pale mpaka unapovukika usiku.

Huenda msomaji akaona kwamba shida hizi ni za mimea ya porini tu, na kwamba mmea ukishaingia shambani umekwisha kuokoka. Karafuu ya Unguja na Pemba inaonyesha vinginevyo. Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku, ambavyo sasa ni sehemu ya Indonesia, na katika karne ya 17 Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki iliamua kuifyeka mikarafuu ya visiwa vingine ili zao libaki Ambon na maeneo machache chini ya ulinzi wake, kwa ajili tu ya kupandisha bei. Ufyekaji huo, ambao ni miongoni mwa uharibifu mbaya zaidi wa makusudi wa rasilimali za kijenetiki katika historia ya kilimo, uliondoa miti ambayo hakuna aliyepata kuieleza. Mwaka 1770 Wafaransa, kwa juhudi za Pierre Poivre, walifanikiwa kutorosha miche na mbegu hadi Mauritius; iliyostawi ikawa michache tu, na kutokana na uzao wake mkarafuu ukaenea visiwa vya Bahari ya Hindi, ukafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, ambako Sultani Sayyid Said aliwalazimisha wenye mashamba kuupanda hadi Zanzibar ikawa mzalishaji mkuu wa dunia.

Maana yake ni kwamba mikarafuu ya Zanzibar, kwa mamilioni yake, imetokana na mababu wachache waliopita katika matundu mawili membamba, la shoka la Waholanzi na la safari ya Wafaransa. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba, iliyonusurika kwa kiasi kikubwa, ndiyo iliyobeba zao hilo tangu hapo. Baadaye ukaja ugonjwa unaoua mikarafuu mizima ghafla, majani yakikauka yakiwa bado matawini, na mashamba ya Unguja yakaumia vibaya. Jamii ya mimea iliyotoka katika mizizi michache hushiriki udhaifu mmoja kama inavyoshiriki uzuri mmoja, na ugonjwa unaolimudu shina moja una njia nyeupe kuyaendea mengine yote. Miche mipya inayogawiwa wakulima kila msimu ni jambo la kushukuriwa, ila haiongezi hata kinasaba kimoja ambacho hakikuwamo visiwani. Zanzibar inahitaji kutafuta, kwa makubaliano halali na Indonesia, mbegu za mikarafuu ya asili ya Maluku, na wakati huohuo kuiorodhesha mikarafuu mikongwe ya Pemba iliyovuka magonjwa na ukame, ambayo wenyeji wanaijua kwa mahali ilipo na kwa mzao wake.

Jibu ambalo hutolewa haraka katika mijadala ya namna hii ni benki ya mbegu, yaani ghala ambamo mbegu hukaushwa na kugandishwa ili zidumu kwa makumi ya miaka. Kenya ina benki yake huko Muguga, Tanzania ina yake Arusha, na ghala la Svalbard, kaskazini mwa Norwei, lililofunguliwa mwaka 2008, huhifadhi nakala za mbegu za dunia kwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Kazi ya asasi hizo ni ya kuheshimiwa. Hata hivyo mbegu ya karafuu hufa ikikaushwa, na ya muiri hupoteza uhai wake mapema, kwa hiyo miti hiyo haiwezi kuokolewa na baridi ya jokofu la kawaida. Inabidi ihifadhiwe ikiwa hai, ama katika misitu yake ya asili, ama katika mashamba maalumu yanayopandwa miti kutoka milima mingi na kutunzwa kwa vizazi. Mashamba ya namna hiyo hudai ardhi, walinzi na bajeti isiyokatika, na hayana siku ya uzinduzi yenye kamera, na pengine ndiyo sababu ni machache.

Sheria nazo zimeiacha mimea dawa nyuma. Mkataba wa mwaka 2001 unaorahisisha ubadilishanaji wa rasilimali za kijenetiki kati ya nchi ulihusisha katika orodha yake mazao ya chakula na malisho, mimea dawa ikabaki nje. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inataka anayechukua rasilimali hizo apate kwanza ridhaa ya nchi husika na akubaliane nayo kuhusu mgawanyo wa faida, na mkataba uliopitishwa Geneva tarehe 24 Mei 2024 unakusudia kumlazimisha anayeomba hataza aseme rasilimali aliyoitumia imetoka nchi gani. Hatua hizo ni njema, na laiti zingekuwepo mwaka 1966, pengine vijiji vya Mlima Kamerun na vya Mlima Kenya vingepata fungu lao. Lakini haki ya nchi juu ya muiri wake haina maana ikiwa nchi yenyewe haijui ina muiri wa namna ngapi na uko wapi. Kazi ya kuorodhesha, kuchukua sampuli za magome na majani, na kuandika kando ya kila sampuli maelezo ya mganga au mkunga aliyeuonyesha mti, kwa ridhaa yake na kwa jina lake, haina budi kutangulia, na vyuo vya kanda hii vina wataalamu wa kuifanya. Kwa mfano, Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili imekuwepo tangu mwaka 1974.

Kampeni za upandaji miti ndizo zinazohitaji kubadilika mapema zaidi. Mara nyingi mwenye kitalu anayetakiwa kutoa miche 10,000 ya mti dawa kabla ya mvua hutuma kijana kuokota mbegu chini ya mti mmoja ulio karibu na barabara, na miche yote ikawa ndugu wa mama mmoja. Ikipandwa pamoja, itakapokua itachavushana yenyewe kwa yenyewe, na uzao wake utadhoofika kizazi hadi kizazi. Kanuni ya wataalamu wa mbegu za miti ni kukusanya kutoka kwa miti isiyopungua 30, iliyoachana mita 50 hadi 100, ili isiwe ya ukoo mmoja, na kuandika jina la msitu zilikotoka. Kanuni hiyo haihitaji mashine wala mfadhili. Inahitaji siku za ziada za kutembea msituni, malipo ya haki kwa anayetembea, na daftari. Taarifa ya serikali inayotangaza miche milioni moja bila kutaja mbegu zake zilichumwa kwenye miti mingapi inamwambia mwananchi nusu tu ya jambo.

Wizara zenye dhamana ya misitu na afya ziifanye asili ya mbegu kuwa sharti la kila mradi wa mimea dawa unaolipiwa na fedha za umma, na mwananchi anayenunua mche wa muiri, msandali au mkarafuu amuulize muuzaji mbegu yake ilitoka msitu gani au shamba gani, na kwenye miti mingapi. Akikosa jibu, aende kitalu kingine.